Mgonjwa na Aulizwe Uji



Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: mtu akiwa taabani, usisimame mlangoni kumwuliza kama atakunywa, pika, mpelekee. Tumelelewa na methali hiyo majumbani mwetu, na kwa habari ya uji inafaa sana. Lakini tunaona kwamba imevuka mipaka yake. Imeingia hospitalini, ikawa desturi ya kumpangia mgonjwa kila kitu bila kumsikiliza: siku ya kurudi, saa ya kufika, dirisha la kuanzia na benchi la kukalia. Sasa kompyuta zinaingia katika hospitali na vituo vyetu vya afya, nazo zinapewa kazi ya kupanga miadi ya wagonjwa. Tusipoangalia, desturi ile ile itaandikwa ndani ya mashine, na huko itakuwa vigumu zaidi kuiondoa.

Mwezi huu tunataka kusema jambo moja tu. Kabla hospitali haijanunua au kupokea programu ya kupanga miadi, iende kwanza ikakae na wale watakaoitumia, yaani mgonjwa, karani wa mapokezi, muuguzi na daktari. Iwaulize, na zaidi ya kuwauliza, iwatazame wanavyofanya kazi na wanavyosubiri. Wataalamu wa kompyuta wanaita kazi hiyo utafiti kwa watumiaji. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe inahitaji masikio, macho na daftari.

Foleni nayo inaumiza

Wapo watakaosema kwamba foleni si ugonjwa, na kwamba mtu aliyekuja kutibiwa hana budi kuvumilia. Hebu tupige hesabu kidogo.

Tuseme kliniki ya kisukari ina daktari mmoja na wagonjwa 30, na kila mmoja anahitaji dakika 10. Wote wameandikiwa kwenye kadi zao wafike saa 2 asubuhi. Wa kwanza anaingia mara moja. Wa pili anasubiri dakika 10, wa tatu dakika 20, na hivyo hivyo hadi wa 30, ambaye anasubiri saa 4 na dakika 50. Ukijumlisha muda wa wote, watu hao 30 wamekaa kwenye benchi kwa jumla ya saa 72 na nusu. Hizo ni siku tatu kamili, mchana na usiku, zilizopotea katika asubuhi moja ya kliniki moja.

Sasa tuseme wagonjwa hao hao wameitwa sita sita: sita wa kwanza saa 2, wengine saa 3, na kuendelea hadi sita wa mwisho saa 6. Hakuna atakayesubiri zaidi ya dakika 50, na jumla ya muda wote wa kusubiri inashuka hadi saa 12 na nusu. Daktari ni yule yule, chumba ni kile kile, na kazi inakwisha saa 7 mchana kama ilivyokuwa. Kilichobadilika ni maandishi kwenye kadi tu. Kweli, hii ni hesabu ya karatasi. Katika maisha wapo wanaochelewa, wapo wanaohitaji dakika 20, na wapo wanaoletwa kwa machela. Hata hivyo inaonyesha jinsi mpango mdogo unavyoweza kumpunguzia mtu mateso.

Jambo hili si geni. Mwaka 1952 J. D. Welch na Norman Bailey waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza kuhusu foleni za wagonjwa wa nje katika hospitali za kwao. Walionyesha kwamba mara nyingi watu huitwa wengi mno na mapema mno, kwa hofu kwamba daktari atakosa mgonjwa. Walishauri wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, kisha wengine mmoja mmoja kwa kufuata muda wa kawaida ambao daktari hutumia kwa mgonjwa. Walisisitiza pia kwamba daktari mwenyewe afike kwa wakati. Na hapa karibu nasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kliniki za wajawazito kusini mwa Msumbiji ulionyesha kwamba kinamama walipopangiwa saa zao, muda wa kusubiri ulipungua kwa dakika 100 hivi, na waliokamilisha mahudhurio manne au zaidi waliongezeka.

Tuliangalie hilo la mwisho kwa makini. Mama aliyekaa kutwa nzima na tumbo lake mwezi uliopita ataupima mwezi ujao kabla ya kuondoka nyumbani. Mgonjwa wa shinikizo la damu, ambaye kwa kawaida hasikii maumivu yoyote, ataona heri abaki shambani kuliko kupoteza siku. Anakatisha dawa, na siku tunapomwona tena ameletwa na kiharusi. Kwa hiyo suala la miadi ni suala la uhai, halikuja kwa ajili ya kuwastarehesha watu.

Kitanda usichokilalia

Kama mpango una faida hivyo, kwa nini basi tusilete tu programu tukaanza? Kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtengenezaji wa programu, awe Dar es Salaam, Nairobi au ng’ambo, anaweza kuwa fundi hodari na bado asijue mambo ambayo mgonjwa wetu anayajua bila kufundishwa.

Tuanze na saa. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane; sisi twahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mashine ikimtumia mama ujumbe kwenye simu kwamba afike “saa 8”, yenyewe inamaanisha saa mbili asubuhi. Mama atafika saa nane mchana, daktari ameshaondoka, na kwenye kompyuta ataandikwa kwamba hakuhudhuria. Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Programu nyingi za Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi, na kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kosa la namna hiyo halionekani ofisini. Linaonekana getini, siku mtu anapofika na kurudishwa.

Tuje kwenye usafiri. Katika vijiji vingi gari ni moja, linapita alfajiri kwenda mjini na kurudi jioni. Aliye huko ukimpangia saa 6 mchana hujamsaidia kitu, maana atafika saa 2 kama kawaida na kusubiri hadi zamu yake. Lakini yule anayeishi nyuma ya soko la mjini angefurahi sana kuitwa saa 6. Programu inaweza kuwapangia wawili hawa saa tofauti bila taabu yoyote, ila tu iwe imefundishwa kuuliza mgonjwa anatoka wapi na anasafiri kwa nini. Vile vile kuna siku ya mnada na kuna majira ya kupanda na kuvuna. Mkulima aliyepangiwa kliniki wiki mvua za kwanza zinapoanguka hatakuja, na wala si mkaidi.

Kisha kuna simu. Tumezoea kusikia kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Ukikaa kwenye benchi ukauliza, utasikia mengine: simu ni ya mume, au ya kijana aliyeko mjini, au ya jirani mwenye duka, namba iliyoandikwa mwaka jana imekwisha badilishwa, bibi anayo simu ila hawezi kusoma ujumbe, husomewa na mjukuu. Sasa fikiri ujumbe unaotaja kliniki ya VVU au ya kifua kikuu ukifika mikononi mwa jirani mwenye duka. Ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania Mei 2023, inataka siri za watu zilindwe. Lakini sheria haiwezi kujua simu ya nani inasomwa na nani. Hilo atakwambia mwenyewe, ukimwuliza faraghani.

Na majina? Mtu mmoja ana jina la ubatizo kwenye kadi ya kliniki, jina jingine kwenye kitambulisho, na mtaani anajulikana kama mama wa fulani. Ita “Maria” kwenye benchi la hospitali yoyote ya misheni uone watasimama wangapi.

Tusimsahau karani

Mtu anayesahaulika kuliko wote ni karani wa mapokezi. Ndiye anayebofya kompyuta huku mlangoni pana watu arobaini, simu inalia, muuguzi anataka faili, na umeme unakatika. Programu inayomdai ajaze nafasi kumi na tano kwa kila mgonjwa haitajazwa, au itajazwa chochote ili foleni isogee. Ukimkuta ameweka daftari lake pembeni ya kompyuta, usimgombeze. Liombe ulisome. Humo ameandika yote ambayo mashine imeshindwa kumsaidia: wasio na simu, waliobadilishiwa siku, na wale ambao daktari amesema waingizwe leo leo.

Madhara ya kutomsikiliza karani yalionekana Marekani mwaka 2014, katika hospitali za serikali zinazohudumia askari wa zamani. Huko hawana uhaba wa kompyuta. Kulikuwa na lengo kwamba mgonjwa aonwe ndani ya siku 14, na programu ya kupangia miadi ilikuwa na umri wa karibu miaka 30. Katika hospitali ya Phoenix, jimbo la Arizona, takwimu zilisema wagonjwa wapya walisubiri siku 24 kwa wastani. Wakaguzi walipochunguza majina ya askari 226 walikuta wastani wa siku 115, na watu wapatao 1,700 walikuwa wakisubiri bila hata kuwemo kwenye orodha rasmi. Waziri aliyehusika, Eric Shinseki, alijiuzulu Mei mwaka huo. Ukaguzi wa nchi nzima ulipowahoji wale wanaopanga miadi, 13 katika kila 100 walisema waliagizwa kuandika tarehe tofauti na ile aliyoitaka mgonjwa. Yaani waliojua ukweli walikuwepo dirishani muda wote. Hawakuulizwa mpaka mambo yalipoharibika.

Funzo kwetu ni kwamba kompyuta inaweza kuondoa foleni kwenye karatasi na kuiacha barabarani. Mkurugenzi akiona kwenye kioo chake kwamba wote wamehudumiwa ndani ya saa moja, asifurahi kabla ya kutoka nje kuangalia waliolala kwenye mikeka.

Namna ya kuuliza

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ukimsimamisha mama mbele ya sista mwenye sare nyeupe ukamwuliza kama anaridhika na huduma, atajibu, “Nzuri sana, sista, Mungu awabariki.” Hasemi uongo, anaheshimu wakubwa, na tena anaogopa dawa isije ikachelewa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hata kituo kidogo cha afya kinayaweza.

Kwanza, tazameni. Kila anayeingia getini apewe kikaratasi chenye saa aliyofika, na kila dirisha analopita liandike saa: mapokezi, malipo, daktari, maabara, dawa. Fanyeni hivyo wiki mbili. Mtajua foleni iko wapi hasa. Huenda mkakuta daktari hana tatizo, ila mafaili hayapatikani; na hapo programu ya miadi peke yake haitaponya kitu.

Pili, anayeuliza asiwe mtumishi wa hospitali mwenye sare. Awe mwanakamati wa afya wa parokia au kijana aliyefundishwa, naye asiulize “mnaridhika?” Aulize: Leo umeamka saa ngapi? Umefikaje? Nani amebaki na watoto? Simu uliyoandikisha ni ya nani? Mara ya mwisho ulipokosa kliniki, nini kilitokea? Watu wanasema kweli wanaposimulia siku yao. Tena wafuatwe nyumbani walioacha kuja, maana aliyeko kwenye benchi bado ana uvumilivu. Aliyeshindwa hayupo pale kuhojiwa.

Tatu, jaribuni kwa karatasi kabla ya mashine. Andikeni ule ujumbe wa simu kwenye kipande cha karatasi, mpeni mzee ausome, kisha aeleze kwa maneno yake atafika siku gani na saa ngapi. Akikosea, ujumbe ndio wenye makosa. Mchoreeni karani kile kitakachoonekana kwenye kompyuta, aoneshe atabofya wapi. Hamhitaji umati wa watu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano tu kunafichua sehemu kubwa ya matatizo. Kwetu tuseme watano wa kila aina: wazee, wajawazito, makarani, wauguzi.

Nne, rudini mkawaambie mlichosikia na mlichobadilisha. Anayeulizwa kila mwaka asione tofauti, safari ya tatu atanyamaza.

Neno moja: “Mambo?”

Tunao mfano mzuri katika lugha yetu wenyewe. Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika Lancet, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa simu: “Mambo?” Ujumbe haukutaja dawa, hospitali wala ugonjwa. Mtu alijibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48, na aliyejibu shida au aliyekaa kimya alipigiwa simu na mhudumu. Baada ya mwaka, waliotumia dawa vizuri katika kundi hilo walikuwa 62 katika 100. Katika kundi lisilotumiwa ujumbe walikuwa 50.

Ni kweli huo ulihusu dawa, haukuhusu miadi. Lakini tazama hekima yake. Ujumbe ambao jirani mwenye duka anaweza kuusoma bila kujua siri ya mtu. Lugha ya mtaani. Na zaidi ya yote, mashine iliuliza, na nyuma ya mashine alikuwepo mtu wa kusikiliza jibu. Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba ujumbe wa kila wiki ulisaidia watu kutumia dawa, ila ule wa kila siku haukusaidia. Wingi wa ujumbe si dawa.

Wanaopinga

Wapo wanaosema hakuna fedha za utafiti. Tunawajibu kwamba vikaratasi, daftari na wiki chache ni rahisi kuliko kompyuta kumi zilizofunikwa vitambaa kwa sababu hakuna anayezitumia. Wapo wanaohofia mgonjwa mahututi ataambiwa hana miadi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana mpango lazima uache nafasi wazi kila siku kwa wa dharura, kwa wasio na simu, na kwa waliotoka mbali wasijue utaratibu. Hospitali ya Kanisa inayomfukuza maskini kwa kuwa jina lake halimo kwenye kompyuta imesahau kwa nini ilijengwa.

Wengine wanasema watu wetu hawafuati saa. Hapo hatukubali. Watu hao hao wako kanisani kabla ya Misa ya saa 12, na gari la alfajiri haliwaachi. Anayekuja hospitalini saa 11 usiku na blanketi lake anafuata sheria tuliyoiweka sisi, kwamba wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuonwa. Tukiandika saa 4 kwenye kadi na kweli akaonwa saa 4, mara mbili mfululizo, mara ya tatu atakuja saa 4. Lakini daktari naye hana budi kuwepo.

Tunachoomba

Tunaziomba bodi za hospitali zetu zisitie saini mkataba wa programu yoyote ya miadi kabla ya kuona maandishi ya yale yaliyosemwa na wagonjwa na makarani. Tunawaomba wanaotuuzia au kutuzawadia programu hizo waje wakae kwenye benchi siku moja nzima, tangu alfajiri, pasipo kutangazwa. Na tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zishiriki. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo twawapelekea wagonjwa sabuni na matunda. Tuwapelekee pia maswali, na tuyaandike majibu yao.

Katika Injili, Bartimayo kipofu alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu pale aliona shida yake ni nini. Bwana wetu aliijua kuliko wote. Hata hivyo alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, akangoja jibu, ndipo akamponya. Kama Yeye aliuliza, sisi ni nani tupange bila kuuliza?